Mama Rakeli Bila Rakeli

Songo, Jumapili jioni.

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Milima imefunikwa, ziwa halionekani, na magoti yangu yananisema. Lakini moyo uko mwepesi. Leo nimecheka sana, mpaka mjukuu wangu Neema amenikasirikia na kujifungia chumbani.

Nieleze kwanza, maana wako wasomaji wa mbali wasionijua. Minye, yaani mimi, ni mama mzee wa Uvira, mtaa huu wa Songo. Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi, na sasa ninaandika kwa kidole kimoja kwenye telefone aliyoniletea huyu huyu Neema. Yeye ana mtoto wa kiume, Baraka, ambaye hajatimiza miaka mitatu.

Leo kanisani Baraka alikaa na monitrisi wa shule ya Jumapili kama malaika. Aliimba, alikunja mikono, alisema aksanti bila kukumbushwa. Ibada ilipokwisha Neema akamfuata mlangoni, na mtoto alipomwona mama yake tu, akajitupa kwenye matope. Kiatu kimekaa vibaya. Hataki kiatu. Anataka kiatu. Akapiga mateke, shati jeupe likawa la kahawia. Watu wakasimama kutazama. Mama mmoja wa kwaya akasema mtoto yule anakosa fimbo, na mwingine akauliza mbona kwa monitrisi alikuwa mzuri.

Neema alimbeba mpaka nyumbani machozi yakimtoka. Akaniambia pengine hajui kulea, kwa sababu mtoto wake ana adabu kwa kila muntu isipokuwa kwake.

Ndipo nilipocheka.

Najua, halikuwa jambo la kufanya. Nilijaribu kumweleza lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. Basi nitaandika hapa kicheko kile kilitoka wapi, naye atasoma akishatulia.

Mama yake Neema ni Rakeli, kifungua mimba wangu. Alizaliwa mwaka uliofuata Uhuru, hapa hapa Songo. Baba yake alikuwa akifanya kazi bandarini Kalundu, na mimi nilikuwa nimeteremka kutoka Rurambo, kwa wafugaji wa mlimani, kuja kuolewa. Nilikuwa msichana bado. Kila kitu cha Rakeli kilinishangaza: kucha zake, miayo yake, jinsi alivyokuwa akinyonya huku mkono mmoja umeshika sikio langu.

Katika ukoo wetu mtoto haachishwi ziwa mbele ya mama yake. Tunaona ni kumtesa bure. Ziwa liko pale, analiona, analinusa, halafu anaambiwa hapana. Kwa hiyo anapelekwa kwa bibi yake mlimani, kwenye ng'ombe na maziwa mengi, anakaa huko mpaka asahau, ndipo anarudishwa. Jirani yangu Mama Shabani, Mwislamu wa hapa mjini, alinicheka sana. Kwao mama anapaka shubiri kwenye chuchu, mtoto anaonja uchungu, mambo yamekwisha. Alisema sisi watu wa ng'ombe tunapenda safari kuliko dawa.

Nilipopata mimba ya pili nikampandisha Rakeli kwa mama yangu. Hatuagi. Ukiaga, mtoto atalia na wewe utarudi naye. Mama alimshika kidole akampeleka kuona ndama, mimi nikapitia nyuma ya zizi nikateremka. Maziwa yalikuwa yakinivuja njiani. Nilijiambia ni kwa muda mfupi, nitamchukua kabla ya mvua kubwa.

Kabla ya mvua kubwa waasi walikuwa wameshaingia Uvira.

Sitaeleza vita. Waliokuwepo wanajua, wasiokuwepo wamesimuliwa vya kutosha. Nitasema tu kwamba tambarare yote ilijaa bariere, miti ya kuzuia njia na watu wenye bunduki. Aliyetoka mjini aliitwa mpelelezi huko juu, na aliyetoka juu aliitwa mpelelezi huku chini. Kalundu ilinyamaza, hakuna mashua, hakuna kazi. Nilimzaa Daudi ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, na aliyempokea ni Mama Shabani kwa sababu hakuna mkunga aliyethubutu kuvuka barabara. Mwezi ukawa msimu, msimu ukawa mwaka, na Rakeli bado yuko juu.

Kitu kilichoniumiza kuliko vyote kilikuwa jina langu.

Mnajua kwetu mama anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Asubuhi kisimani, Mama Rakeli, umeamkaje? Sokoni, Mama Rakeli, karibu ndagala. Nyumba nzima haina Rakeli, na mimi naitika. Watu wengine kwa huruma yao wakaanza kuniita Mama Daudi. Nilikataa. Mama mmoja nilimgeuzia mgongo mbele za watu, nikamwambia huyo Mama Daudi anayemtafuta haishi hapa. Mama Shabani peke yake hakubadilisha, na alikuwa akilitamka kwa sauti kubwa makusudi ili wengine wasikie.

Askari wa serikali waliporudi mjini, njia ikafunguka kwa mashaka. Mume wangu alibaki kulinda nyumba, maana nyumba tupu wakati ule ilikuwa inapata wenyewe wapya upesi. Nikamfunga Daudi mgongoni nikapanda. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi. Ataniona kwa mbali, atakimbia, nitapiga magoti nimpokee. Nilikuwa nimeshaamua hata mkono gani utatangulia.

Nilifika wakati wa kukamua. Mlangoni alisimama mtoto mrefu, miguu myembamba, kichwa kimenyolewa kikaachwa kishungi mbele kama watoto wetu wa mlimani. Alinitazama vizuri kabisa. Halafu akageuka akaingia ndani.

Akatoka na inkongoro, kile chombo chetu cha mti cha kunywea maziwa. Amekishika kwa mikono miwili, macho chini, hatua za polepole asimwage. Akapiga magoti mbele yangu. Akasema kwa lugha ya kwetu, kwa sauti safi: "Karibu, mugeni."

Maziwa ya mgeni hayarudishwi. Ukiyarudisha umeitukana nyumba. Basi nilikunywa, na mwanangu alinisubiri nimalize, akapokea chombo kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kusimama nyuma ya mama yangu. Mama yangu alikuwa anang'aa kwa furaha. Alitaka nione jinsi alivyomlea. Na kwa kweli alikuwa amemlea vizuri, hakuna mtoto Rurambo aliyekuwa na adabu kama ile. Nilitamani kulala chini nilie.

Siku zikaenda hivyo. Aliyemwita mama ni bibi yake. Mimi nilikuwa mugeni, na Daudi alikuwa mutoto wa mugeni. Kila jioni maziwa, kila asubuhi salamu na macho chini. Nilikuwa nimemletea kanzu ndogo aliyoshona Mama Shabani. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa bibi yake aiweke. Nikampa sukari. Akashukuru, akampelekea bibi yake. Nikamwimbia nyimbo nilizomwimbia Songo, akakaa pembeni ya mkeka akasikiliza mpaka mwisho kama anasikiliza mahubiri. Akianguka, akiumia, anakimbilia kwa bibi. Kwangu hakukosa heshima hata mara moja.

Nilianza kuichukia heshima yake. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Halafu zikaja habari mbaya. Waasi waliofukuzwa tambarare walikuwa wanapanda, na wanapopita ng'ombe hawabaki. Mama yangu na ndugu zake wakaamua kuhamisha mifugo, kwenda mbali ndani kuelekea Itombwe. Mimi nilipaswa kuteremka kabla njia haijafungwa tena. Jioni ile mama akanikalisha karibu na moto. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na alimpenda Rakeli kuliko macho yake.

"Kama mutoto hakujui, usimukokote," akasema. "Atakwenda na minye mpaka vita itaisha."

Vita inaisha lini, nani anajua? Alikuwa anasema kweli pia: kumburuta mtoto anayelia kwenye njia ile, kupita bariere za watu wenye bunduki, akiwa na muntu anayemwona mgeni, ni kumtia hatarini. Nilijua nikiteremka bila yeye, nitakapomwona tena atakuwa msichana, naye ataniletea maziwa.

Sasa nakuja kwenye funza.

Wasiojua funza wamshukuru Mungu. Ni kidudu cha vumbi, kinaingia kwenye kidole cha mguu, kinajaza mfuko wa mayai, kinawasha mpaka mtoto anatembea kwa kisigino. Dawa yake ni mama na pini. Nilikuwa nimeona tangu nilipofika kwamba Rakeli anatembea hivyo. Mama yangu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hakuona. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu mgeni hataji funza za mtoto wa nyumba. Ni kuwaambia wenye nyumba kwamba hawajui usafi. Mgeni anaona, anakunywa maziwa yake, anakaa kimya.

Asubuhi iliyofuata maneno ya mama, Rakeli akapita mbele yangu amebeba kuni, anachechemea. Akaniamkia, macho chini.

Nikasema moyoni, basi.

Nilichomoa pini kwenye nguo ya Daudi. Nikaiweka kwenye moto ikapata wekundu. Nikamkamata Rakeli mkono, nikamkalisha, nikabana mguu wake katikati ya magoti yangu bila kuomba ruhusa ya mtu. Alishangaa mno hata hakupiga kelele. Nikaanza kuchokonoa. Kazi yenyewe haitaki haraka, mfuko lazima utoke mzima, ukipasuka umefanya bure. Nilipofika penyewe, mtoto mwenye adabu kuliko wote wa Rurambo akafungua kinywa.

Alilia kilio hata ng'ombe wakageuza vichwa. Akaniuma hapa kwenye mkono, alama ninayo. Akapiga mateke, akamwaga majivu, akavuta kitambaa changu cha kichwa akakitupa. Na maneno! "Weye mubaya! Sikutaki! Rudi kwako na mutoto wako!" Na mengine aliyojifunza kwa wachunga ng'ombe, ambayo siwezi kuyaandika siku ya Jumapili.

Mama yangu akaja mbio na ufito mkononi. Aibu ilikuwa imemjaa usoni. Alisema tangu mtoto huyo afike hajawahi kulia hivi, hata usiku wa kwanza nilipoondoka, alikuwa amekaa tu anatazama mlango. Leo pepo gani limemwingia, amtukane mgeni mbele ya nyumba? Akanyanyua ufito.

Na mimi, ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumwambia mama yangu hapana, nilinyoosha mkono nikaushika ule ufito.

"Mama, acha," nikamwambia. "Mutoto hatukanaka mugeni."

Alinitazama. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, mkono unatoka damu, mguu wa mtoto bado nimeubana. Sijui kama alielewa palepale. Lakini alishusha ufito, akaenda kukaa kizingitini na kuficha uso.

Nilichokielewa mimi ni hiki. Mwaka mzima mtoto yule alikiweka kilio chake. Aliondokewa na mama bila kuagwa, akaachishwa ziwa, akasikia watu wazima wakinong'ona habari za bunduki, na hakulia, kwa sababu alikuwa kwa watu. Hata bibi yake aliyempenda vile alikuwa watu. Kilio kile kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe nilikuwa mimi. Alinitunzia.

Funza ikatoka nzima. Nikapaka majivu ya moto. Nikaachia mguu, nikingoja akimbilie kwa bibi yake kizingitini.

Hakukimbia. Alikaa pale pale, anahema, kamasi mpaka kidevuni, ananitazama usoni kwa hasira, machoni kabisa, mara ya kwanza tangu nifike. Halafu akanisukumia mguu wa pili kwenye mapaja.

"Na hapa," akasema.

Nimepata mambo mazuri maishani. Nimeona watoto niliowafundisha a, e, i, o, u wakiwa madaktari. Hakuna kilichonipa kiburi kama mguu ule mchafu.

Tuliteremka kesho yake. Msidhani alikuwa mtamu. Jua kali. Hataki kubebwa. Mbona Daudi anabebwa? Maji ya moto, maji ya baridi, jiwe limemwangalia vibaya. Aliagana na bibi yake kwa heshima zote, akapiga magoti, akapokea baraka, bibi akalia. Tulipopinda kona tu akaanza kunipigia kelele, na hakumaliza mpaka tambarare. Mimi nilitembea kama bibi harusi.

Tulipofika bariere, askari akatusimamisha. Alimtazama Rakeli, kishungi chake, kisha akanitazama mimi na kitenge changu cha mjini. Akauliza mtoto huyu wa mlimani nimemtoa wapi. Nikamwambia ni wangu. Akasema wote wanasema hivyo, na kwamba watu wa juu wanapitisha mambo yao kwa njia nyingi. Sauti yake haikuwa nzuri. Nyuma yake walikuwa wengine, wamekaa, bunduki kwenye magoti. Akaninyooshea kidole ninyamaze, akainama kwa mtoto.

"Uyu mama ni nani yako?"

Mmoja wa wale waliokaa, kijana wa tambarare, akarudia kwa lugha ya kwetu ili aelewe. Juzi tu angejibu vizuri, macho chini, kwa sauti safi, na jibu lingekuwa mugeni, nasi tungekwisha.

Rakeli hakumwangalia askari. Aliniangalia mimi, bado amekasirika.

"Ni mama. Amenitoboa miguu yote, sasa anasema nitembee."

Yule kijana akacheka mpaka akashindwa kutafsiri. Alipotafsiri, wakacheka wote, hata yule mkali. Akasema yeye pia alikuwa na mama. Wakainua mti tukapita. Rakeli akanidai nimbebe, na nikambeba, Daudi nyuma na yeye mbele, mpaka Songo. Mama Shabani alituona kwa mbali akaanza kuniita jina langu akiwa bado upande wa pili wa barabara.

Basi, Neema. Sisemi mtoto asionywe. Kesho Baraka atakusaidia kufua lile shati, na mwambie ni kwa nini. Lakini usilie kwa sababu ana adabu kwa watu. Kule anafanya kazi, mtoto wa watu. Akikuona, kazi imekwisha, anatua mzigo. Wale wa kwaya waliona aibu yako. Mimi niliona mtoto anayejua kabisa mama yake ni nani.

Na mama yako je? Huko Bukavu ni muuguzi mkuu, hospitali nzima inamwogopa na kumpenda. Anaongea polepole, anasalimu wagonjwa kwa mikono miwili, sijawahi kusikia muntu amemlalamikia. Kesho kutwa anateremka kuja kunitazama. Atafungua kabati kabla ya kuvua viatu, atakuta chumvi niliyokatazwa na daktari, atanigombeza mpaka majirani watoke nje.

Nimeshaiweka chumvi mbele, aione upesi.